Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukarabati Jiko la Familia

Kabla hujachagua rangi ya makabati, msimamie mpishi wa nyumba hiyo akiandaa mlo mzima, nawe utazame tu. Utaona mahali anapokosa pa kuweka sufuria ya moto na mara ngapi anazunguka kutafuta kisu. Meza ya kazi kwa kawaida huwa na kimo cha sentimita 90 hivi, lakini kipimo cha haki ni sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko cha mpishi akiwa amesimama wima. Njia kati ya makabati yanayotazamana isipungue mita 1. Wakipika wawili, fanya sentimita 120.

Tenga fedha za dharura kabla ya kutenga za mapambo. Amua mtapikia wapi na kuoshea vyombo wapi kazi ikiendelea, kwa maana ahadi ya fundi kuhusu siku ya kumaliza ni ya kusikilizwa kwa adabu tu. Usiguse ukuta kwa nyundo kabla ya mtaalamu kuthibitisha kwamba haubebi dari wala ghorofa. Oveni ya umeme iwe na waya wake pekee kutoka kwenye kisanduku cha umeme, na soketi zikae mbali na sinki. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Mtungi usifungiwe kwenye kabati lisilo na matundu chini. Vipimo vya mwisho vya makabati vichukuliwe baada ya lipu na vigae, kwa kuwa ukuta ukishavikwa vyote viwili huwa umekula nafasi ambayo seremala aliihesabu kuwa yake.

Sasa nije kwenye mabomba, ambayo watu huyapa muda mfupi kuliko vitasa vya milango.

Familia moja ninayoifahamu ilitaka sinki lihamie chini ya dirisha, upande wa pili wa bomba la maji machafu. Fundi bomba alichimba sakafu, akalaza bomba jipya, akafungua maji kidogo, yakapita, akalipwa. Fundi vigae alikuwa amekwisha kufika na alikuwa akilalamika kwamba anapotezewa siku, basi akaruhusiwa kufunika. Jiko lilipendeza mno, na wageni walipelekwa kulitazama. Baada ya miezi kadhaa milango ya kabati la sinki ikaanza kukataa kufunga, na lawama zote zikamwangukia seremala, ambaye aliitwa, akairanda, akaitwa tena, akabadilisha bawaba, mpaka akagoma kuja. Hakuwa na kosa. Bomba lilikuwa limelazwa karibu tambarare, mafuta ya vyombo yakaganda ndani yake, maji yakarudi nyuma na kupenya kwenye kiungo ambacho hakikushikwa vizuri na gundi, nayo mbao za kabati, ambazo ni unga wa mbao ulioshindiliwa, zikanyonya unyevu huo kutoka chini na kuvimba. Kwa kuwa hakuna aliyejua bomba lilipita wapi, vigae vilivunjwa kwa kubahatisha, na vilipotafutwa vingine vya kuzibia, vya rangi ileile havikupatikana tena.

Kwa hiyo, siku ambayo mabomba yamelazwa na bado yanaonekana, kazi isimame. Bomba la maji machafu la sinki lishuke kama sentimita 2 kwa kila mita 1, nawe uhakikishe kwa pima maji, si kwa jicho. Lizibwe upande wa chini, lijazwe maji, kisha liachwe saa kadhaa. Maji yakipungua, kuna kiungo kinachovuja. Mabomba ya maji safi nayo yajaribiwe kwa pampu ya shinikizo huku mshale wa kipimo ukiangaliwa. Halafu piga picha za kila ukuta na sakafu, ukiwa umelaza futi ya kupimia kando ya bomba ili umbali usomeke, na uzitunze mahali utakapozikumbuka. Fundi vigae akinuna, mwache anune, au afadhali zaidi, usimwite kabla ya jaribio hilo kupita.

Unaponunua vigae, ongeza kiasi cha asilimia 10, vyote vya toleo moja, kwa sababu rangi hutofautiana kati ya toleo na toleo, na vinavyobaki usigawe. Malipo yaende kwa hatua za kazi iliyokaguliwa, na sehemu ya mwisho ibaki mkononi mwako mpaka sinki limetumika kwa wingi na kabati la chini yake limebaki kavu. Watoto wasipite jikoni wakati wa kubomoa. Valvu kuu ya maji ijulikane ilipo na kila mtu mzima wa nyumba, na ijaribiwe kama inafunga kweli, maana zilizokaa muda mrefu bila kuguswa mara nyingi hukwama.