Ukimpeleka mgonjwa imejensi huku Kusini mwa Tanzania, Lindi na Mtwara, fanya hivi asije akakaa benchi usiku kucha

Hii ni ya nyie ndugu wa mgonjwa, maana mgonjwa mwenyewe akiwa hoi hawezi kujisemea. Na niseme mapema, manesi wengi wanajituma, ila usiku mmoja wako wawili na wagonjwa wako arobaini, sasa anayeonekana haraka ni yule ambaye ndugu zake wanajua kusema. Basi, kazi ya kumsindikiza mgonjwa ni kusema, mambo ya kubeba ndoo na shuka ataweza mtu yeyote.

Tuanzie nyumbani kwanza, maana muda mwingi unapotelea huko kabla hata hujaiona geti la hospitali. Wataalamu wa afya ya uzazi tangu 1994 wanagawa kuchelewa mara tatu, kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika na kuchelewa kuhudumiwa, na huku kwetu ile ya kwanza ina jina lake, inaitwa tumsubiri mjomba. Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, wote tunajua mjomba ana sauti kuliko hata baba mzazi, sasa mjomba yuko Liwale kwenye mikorosho, mtandao hakuna, na mtoto anatupa miguu kwa degedege. Tokeni. Mkishakaa kwenye bajaji ndo mnampigia, "mjomba shikamoo, tuko njiani kwenda hospitali, tumeona tukujulishe", heshima yake ipo pale pale na mgonjwa kashasogea. Na kama kuna wanaotaka apite kwa mganga wa kienyeji kwanza, waambieni mganga hahami, atakuwepo wiki ijayo.

Usafiri. Mama mjamzito, aliyejifungua na kichanga, piga 115, ni bure, ule ndo mfumo wa m-mama, wanatafuta ambulensi na ikikosekana wanamtuma dereva wa jamii waliyekubaliana naye. Wengine ni kujitegemea. Bodaboda sawa kwa mtu anayeweza kukaa mwenyewe, lakini aliyezimia au aliyeanguka kutoka juu ya mnazi mkimpakia mshikaki shingo inaweza kumalizika njiani, tafuteni hata kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, aliyeanguka mumlaze chali kwenye kitu kigumu, shingo isicheze, na aliyezimia bila kuumia mumlaze kwa ubavu asipaliwe. Aliyeumwa na nyoka shambani msimchanje, msimfunge kamba ya kukaza, mvueni pete na bangili, mguu utulie, twende.

Watu wa vijijini wanapenda kuiruka zahanati kwa sababu "pale hawana kitu", ila kama hospitali ni mwendo wa saa nzima na zaidi, simameni zahanati hata dakika chache. Pale kuna kupima sukari, kuna kupima malaria, na mtoto mwenye malaria kali anaweza kupewa artesunate kabla ya safari, na hiyo dawa ya kabla ya rufaa imeokoa wengi. Halafu waombeni wapige simu kule mnakoenda na wawaandikie karatasi ya rufaa yenye saa na dawa aliyopewa. Ukifika na karatasi unapokelewa tofauti na aliyetokea tu.

Sasa mlangoni. Hospitali kubwa zinapanga wagonjwa kwa uzito wa hali, sio kwa nani kafika kwanza, wanaita triaji na mara nyingi wanatumia rangi, nyekundu anaingia hapo hapo, njano anasubiri kidogo, kijani anaweza kukaa sana. Shida ni pale mnapopitia dirisha la mapokezi mkaandikishwa kama wagonjwa wa kawaida, hapo mnaingizwa kwenye foleni ya kikohozi na fangasi, na hakuna atakayewatoa.

Ndo yaliyomkuta mama mdogo wangu kwenye hospitali moja huku huku Kusini, jina naliacha. Uso umeanza kupinda, mkono wa kulia umelegea, tumefika baada ya magharibi, dirishani tukaambiwa subirini mtaitwa. Kila tukiuliza, subirini. Zamu ikabadilika, waliokuja usiku hawana habari naye na faili lake liko chini ya mengine. Akaja binamu yangu anayefanya kazi zahanati, wala hakugombana na mtu, akamfuata nesi aliyekuwa anapima presha akamwambia, "Sista samahani, mama wa miaka 58, ana presha, uso umepinda na mkono wa kulia hauna nguvu tangu saa kumi na mbili jioni, na sasa hivi maneno hayaeleweki." Nesi akageuka pale pale. Kitanda kikapatikana, presha ikapimwa, daktari wa zamu akaitwa. Yaani sentensi moja, baada ya masaa yote yale ya benchi. Mama mdogo anatembea leo ila ule mkono haujarudi vizuri, na mimi hasira haijaisha.

Kwa hiyo shika huo mpangilio: umri, kimemkuta nini, kimeanza saa ngapi, magonjwa aliyonayo, dawa anazokunywa. Usianze na "yaani sista huyu mama tangu juzi alikuwa anasema anajisikia vibaya vibaya", nesi ataacha kusikiliza na wala simlaumu. Saa ndo muhimu kuliko yote kwenye kiharusi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haipo kila mahali, na kabla ya hapo lazima apigwe sitiskani, ile picha ya ndani ya kichwa, kuona kama ni damu imeganda au mshipa umepasuka. Kama mlimkuta kashaanguka, taja saa ya mwisho mtu kumuona mzima. Na msimpe chai wala uji, atapaliwa.

Maneno yanayomfanya nesi yeyote ageuke ni haya: hapumui vizuri, hajitambui, ana degedege, damu haikati, kifua kinambana, uso umepinda. Kwa mtoto ongeza hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea. Ila usiseme uongo ili upite, ukishikwa mara moja tu hakuna atakayekuamini hali ikiwa mbaya kweli.

Mkishaambiwa msubiri, msilale. Hali ya mgonjwa inabadilika mkiwa pale pale, na rangi aliyopewa saa moja inaweza isiwe yake saa tatu. Mtu mmoja kazi yake iwe kumtazama tu: anavyopumua, anavyoitikia akiitwa, mikono ya baridi au ya moto. Akibadilika nenda kaseme, "Sista samahani, tulipofika alikuwa anaongea, sasa haitikii, naomba apimwe tena." Neno apimwe tena lina nguvu kuliko kelele zote za "mnatuulia mtu wetu". Na zamu zikibadilishana, asubuhi, mchana na jioni, jitambulishe upya kwa walioingia, usidhani wameambiwa.

Mgawane kazi, sio kijiji kizima kimejaa kwenye korido. Mmoja kwa mgonjwa, mmoja wa karatasi na hela, basi. Wa karatasi awe na kadi ya bima kama ipo, kitambulisho, simu yenye chaji na salio, maana siku hizi malipo ni kontrol namba na kuna usiku mtandao unagoma. Hela taslimu kidogo ya kanula na glovu isikosekane, tusidanganyane. Ila wizara imeshasema mara nyingi mgonjwa wa dharura ahudumiwe kwanza hela zifuate, kwa hiyo mkikwamishwa kwa sababu ya hela ulizieni afisa ustawi wa jamii, yeye ndo anashughulikia wasiojiweza na misamaha. Wa ajali na wa kupigwa mtu mmoja akimbilie polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, wakati mgonjwa anahudumiwa, sio mgonjwa azungushwe naye. Waliobaki nyumbani waandaliwe kutoa damu, wale vijana wanene wanene wasijifanye wana safari ya Masasi.

Mkiona mnapuuzwa kweli, pandeni ngazi kwa utulivu: nesi, halafu inchaji wa zamu, halafu daktari wa zamu, halafu mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali. Namba zao mara nyingi zimebandikwa ukutani, zipigeni picha mkifika tu kabla hamjazihitaji. Andika kwenye simu saa mliyofika, saa aliyoonwa, nani kasema nini. Hiyo itawasaidia na baadae, kwa sababu malalamiko rasmi dhidi ya daktari yanapokelewa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na pale mtu anayekuja na hasira tupu bila saa wala tarehe hana kesi. Kumtukana nesi hakusaidii kitu, anaita mlinzi mnatolewa nje na mgonjwa anabaki ndani hana msemaji.

Mwisho ni rufaa. Mkiambiwa anahamishwa, iwe kutoka Newala au Nachingwea kuja Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi, hospitali za rufaa za mikoa, au hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara, ulizeni mambo haya kabla gari halijawashwa: wanaompokea wameshapigiwa simu na kitanda kipo? Oksijeni kwenye gari inatosha safari? Nesi anasindikiza? Mafuta analipa nani? Na kama ni Muhimbili kule Dar, kumbukeni ni zaidi ya kilometa 500 kutoka Mtwara, na wa Kusini hatujasahau Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara kule Somanga, magari yamelala pande zote mbili. Kipindi cha mvua kubwa ulizieni barabara kwanza, na mwambieni daktari waziwazi, ili kama ni kumtuliza hapa hapa kwanza amtulize. Chukueni namba ya dereva na ya nesi anayesindikiza, karatasi ya rufaa ipigeni picha mbele na nyuma, na anayebaki awe na hiyo picha kwenye simu yake.