Namna ya kuwapanga waimbaji kwa ubora bila kudanganyana

Mabishano kuhusu nani mwimbaji bora hukwama kwa sababu wabishi wanajibu maswali tofauti wakidhani ni moja. Mmoja anazungumzia sauti: koo alilojaliwa mtu, upeo wake (kutoka nota ya chini kabisa hadi ya juu kabisa), uzito wake. Wa pili anazungumzia uimbaji, yaani mtu anaifanyia nini sauti aliyopewa. Wa tatu anazungumzia ukubwa: nyimbo zilizopendwa, waigaji aliowazaa, miaka aliyodumu. Msanii mmoja anaweza kuwa wa kwanza kwenye swali moja na wa arobaini kwenye jingine, na wabishi wote watatu wakawa na haki.

Jarida la muziki la Marekani, Rolling Stone, linajua hasara ya kuchanganya haya. Orodha yake ya waimbaji 100 ya mwaka 2008 ilimweka Bob Dylan, mtunzi mashuhuri mwenye sauti ya kukwaruza, nafasi ya 7, na watu hawajaacha kuicheka. Januari 2023 likatoa orodha ya waimbaji 200, safari hii likieleza wazi kwamba ni orodha ya waimbaji na si ya sauti. Haikusaidia. Celine Dion hakuwemo kabisa, na mashabiki wake wakaenda kuandamana nje ya ofisi za jarida hilo New York. Aretha Franklin aliongoza orodha zote mbili bila zogo kubwa, kwa kuwa ni mmoja wa wachache wanaoshinda hata swali likigeuzwa.

Andikeni swali kabla ya kutaja jina

Kaeni mkubaliane mambo manne, na yaandikwe. Kwanza, mnapima sauti, uimbaji au ukubwa? Mwongozo huu unapima uimbaji, maana ndio unaoweza kusikilizwa na kupewa alama. Ukubwa ni kazi ya mwanahistoria.

Pili, kilele au maisha yote? Mwimbaji wa opera Maria Callas wa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Callas wa 1965 si sauti ileile. Nota za juu zilikuwa zimeanza kuyumba. Mkichagua kilele, wekeni mpaka, mathalani miaka mitano mfululizo. Msipoweka, kila shabiki atachukua siku bora ya mtu wake na siku mbaya ya mtu wa mwenzake.

Tatu, aina ya muziki. Mwimbaji wa opera kama Pavarotti husikika juu ya okestra nzima bila kipaza sauti kwa sababu nguvu ya sauti yake imejikusanya kati ya 2500 na 3500 Hz (mitetemo kwa sekunde), eneo ambalo vyombo vya okestra vina nguvu ndogo. Upande wa pili, kurekodi kwa umeme, yaani kwa kipaza sauti, kulikoanza kuenea mwaka 1925 ndiko kulikowapa waimbaji kama Bing Crosby nafasi ya kuimba kwa upole, karibu kama wanaongea. Kuwashindanisha watu wa namna hizi mbili kwa kigezo cha nguvu ni kupoteza muda. Ama wapangeni ndani ya aina zao, ama kigezo hicho kiondoke.

Nne, jukwaani au studio? Jibu zuri ni vyote viwili, ila kwa kiwango kinachojulikana. Tutarudi hapo.

Upeo: namba inayopendwa kuliko inavyostahili

Watu hupenda oktava, yaani umbali kutoka nota moja hadi nota ya jina lilelile iliyo juu yake, kwa sababu zinahesabika. Mwaka 2014 lilisambaa jedwali lililomweka Axl Rose wa bendi ya Guns N' Roses juu ya waimbaji wote maarufu kwa upeo. Waliolipinga wakamleta Mike Patton wa bendi ya Faith No More. Pande zote mbili zilihesabu nota ya chini kabisa na ya juu kabisa zilizowahi kunaswa kwenye rekodi, hata kama ya chini ni mngurumo na ya juu ni kijikelele cha nusu sekunde. Mwaka 2016 watafiti waliochambua rekodi za Freddie Mercury wa bendi ya Queen hawakuweza kuthibitisha dai maarufu la oktava nne. Walichokipata kinavutia zaidi: sauti yake ya kuzungumza ilikuwa na wastani wa kama 117 Hz, jambo linaloashiria baritoni (sauti ya kati ya kiume), ingawa alijulikana kwa kuimba kama tenori (sauti ya juu ya kiume), na vibrato yake, yaani mtetemo wa nota, ilikwenda kwa kasi isiyo ya kawaida, takriban mizunguko 7 kwa sekunde.

Ukitaka kupima upeo kwa haki, hesabu nota zinazotimiza masharti matatu tu: imeshikiliwa kwa angalau sekunde moja, ina irabu inayoeleweka, na imeimbwa kwenye rekodi zaidi ya moja. Andika falseto (sauti nyembamba ya bandia) na sauti ya filimbi, ile inayowapa sifa Mariah Carey na Minnie Riperton, kwenye safu yake pembeni. Utashangaa jinsi wababe wa oktava tano wanavyorudi kwenye mbili na nusu.

Programu za kupima nota nazo hudanganya. Kosa la kawaida ni la oktava. Chukua nota ya C5, ambayo ni 523 Hz. Ukiwa umeiwekea programu dari ya 500 Hz, haiwezi kuiripoti. Itatafuta mzunguko unaofanana chini ya dari na kukuandikia 262 Hz, yaani C4, oktava nzima chini. Kwa sauti za kike za juu pandisha dari hadi 1200 Hz, na kwa sauti ya filimbi juu zaidi ya hapo. Kisha hakikisha kwa sikio: piga nota hiyo kwenye kinanda uone kama zinakaa pamoja.

Santuri za zamani zina mtego wao. Mwendo wa kurekodi haukuwa sare, na tofauti ya asilimia 6 hivi katika mwendo hupandisha au kushusha kila kitu kwa nusu toni, yaani hatua ya kibao kimoja cha kinanda hadi cha jirani. Kabla ya kusema mwimbaji wa opera Caruso alifika nota fulani, tafuta ufunguo ulioandikwa kwenye muziki wenyewe na urekebishe mwendo hadi vilingane.

Baada ya taabu hiyo yote, upeo upewe alama 5 kati ya 100. Mwimbaji wa jazi Billie Holiday alifanya karibu kila alichokifanya ndani ya oktava moja na kidogo.

Kuandaa vipande vya kusikiliza

Kila mwimbaji awe na vipande vitano vya sekunde 60 hadi 90: cha chini na polepole, cha kilele, chenye maneno mengi ya haraka, chenye nota ndefu, na kimoja cha wimbo ambao si wake. Hiki cha mwisho husaidia kutenganisha mwimbaji na utunzi. Wimbo mtamu hubeba watu wengi. Viwili kati ya vitano viwe vya jukwaani, na vya matangazo ya redio au televisheni vinafaa kuliko albamu za jukwaani, kwa kuwa baadhi ya albamu hizo hurudiwa sehemu studio kabla ya kuuzwa.

Auto-Tune, programu ya kunyoosha nota za mwimbaji, iliingia sokoni mwaka 1997. Rekodi za kabla ya hapo hazina marekebisho ya aina hiyo, ingawa kukata mkanda na kubadili mwendo wake kulikuwepo. Kwa rekodi za baadaye, tazama mchoro wa nota: sauti ya mtu huingia kwenye nota kwa mteremko mdogo na kucheza kidogo ikishafika. Ukiona ngazi zilizonyooka, kila nota ikianza palepale na kukaa bila kutikisika, kipande hicho hakifai kwa kigezo cha nota. Mtu wa pleibeki, anayechezesha midomo juu ya rekodi, naye atajulikana kwa pumzi: anaruka jukwaa zima na hakuna sehemu anayohema.

Sasa linganisha ukubwa wa sauti ya vipande vyote, mathalani -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kazi ambayo programu ya Audacity huifanya kwa amri moja. Usiruke hatua hii. Vipande viwili vilevile, kimoja kikiwa juu kwa desibeli 2 tu, wasikilizaji watakisifia cha juu kuwa “kimejaa” bila kujua ni kwa nini. Lakini ukishasawazisha, usimpe mtu alama za nguvu, umeshaziondoa mwenyewe.

Waimbaji wanane kwa vipande vitano ni vipande 40, karibu dakika 50 za kusikiliza. Gawanya vikao viwili, maana masikio huchoka. Kila jaji apewe mpangilio wake uliochanganywa, kwa kuwa kwenye mashindano wanaoimba mwishoni huelekea kupendelewa. Majina yasionekane. Sauti maarufu zitatambulika tu, hilo halizuiliki, lakini angalau mbishi hataanza na picha ya msanii machoni.

Alama 100 zinavyogawanywa

Mgawo unaofaa kuanzia: nota 20, mdundo na mgawo wa mistari 20, pumzi na udhibiti 15, rangi ya sauti 15, kufikisha maana 15, matamshi 10, upeo 5.

*Nota.* Nusu toni ina senti 100. Kosa la senti 10 kwenye A4 (440 Hz) ni kama 2.5 Hz na wengi hawalisikii. Senti 30 husikika hata kwa asiyejua muziki, hasa nota ikiwa ndefu. Mwenye vibrato apimwe kwenye kati ya mtetemo wake, si kwenye kilele. Vibrato ya mizunguko 5 hadi 7 kwa sekunde huwa tulivu. Ikishuka sana chini ya 5 sauti inayumba, ikizidi sana 7 inakuwa mlio wa mbuzi. Tahadhari moja kubwa: mizani ya kinanda haipimi kila muziki. Maqamu, yaani ngazi za nota za muziki wa Kiarabu, zina nota zinazoangukia kati ya vibao viwili vya kinanda, na programu itamwandikia mwimbaji wa Misri Umm Kulthum makosa ya senti 50 mahali ambapo amegonga hasa alipokusudia. Muziki wa blues nao hushusha nota kwa makusudi. Hapo jaji awe mtu wa muziki huo, na mashine ikae kimya.

*Mdundo na mgawo wa mistari.* Hapa ndipo waimbaji wakubwa huachana na wenye sauti nzuri tu. Sikiliza neno linaangukia wapi kwenye biti. Anayelichelewesha makusudi na bado akafika mwisho wa mstari kwa wakati ana mamlaka. Anayechelewa na kubaki nyuma amekosea. Sinatra alieleza kwamba alijifunza kuunganisha mistari bila kuhema katikati kwa kumtazama mpiga tromboni Tommy Dorsey. Jaribio rahisi: chapa maneno ya kipande, weka alama kila mahali anapovuta pumzi. Zikiangukia kwenye vituo vya maana, vizuri. Zikikata neno kati au kumtenga mtendaji na kitendo chake, punguza.

*Pumzi na udhibiti.* Usiangalie nota ndefu inakaa sekunde ngapi. Angalia sekunde mbili za mwisho. Je, inashuka? Inapoteza rangi? Na kuimba nota ya juu kwa upole ni kugumu kuliko kuipaza, kwa hiyo kipande kinachoimbwa kwa sauti ndogo ndicho kinachomuumbua mtu.

*Rangi na maana.* Haya hayana kipimo na msijidai yanacho. Bi Kidude alikuwa na sauti iliyokwaruza, na mwanafunzi yeyote wa kwaya angeambiwa airekebishe. Ukimwondoa mkwaruzo unamwondoa mwimbaji. Swali la kumpa alama ni hili: ungemtambua kwa mstari mmoja? Na je, mstari wenye huzuni na mstari wenye kejeli anauimba kwa sauti mbili tofauti, au sauti ni ileile maneno yakibadilika?

*Matamshi.* Mpe maneno mtu asiyeujua wimbo aandike anachosikia. Kwenye sauti za juu sana usimlaumu mwimbaji: kwa soprano (mwimbaji wa kike wa sauti ya juu) aliye karibu na C6, oktava moja juu ya C5, irabu hupotea, kwa kuwa nota yenyewe imeshapita masafa yanayoitofautisha “i” na “a”.

Kujumlisha

Usijumlishe alama ghafi. Tazama majaji watatu, kwa mfano rahisi wa alama kati ya 10. Wa kwanza na wa pili wanampa A 8 na B 7.5. Wa tatu anampa A 4 na B 9. Jumla ni A 20, B 24, na B ameshinda ingawa majaji wawili kati ya watatu wanamwona A kuwa bora. Jaji anayetumia mizani yote amewameza wenzake waangalifu. Geuza alama za kila jaji kuwa nafasi, kisha linganisha waimbaji wawili wawili: nani anapendelewa na majaji wengi?

Mara nyingine A atamshinda B, B atamshinda C, na C atamshinda A. Hakuna aliyekosea hesabu. Majaji watatu wenye misimamo safi wanaweza kuzaa mzunguko huo. Waandikwe watatu pamoja kwenye daraja moja.

Kuna hatua inayookoa vikao vingi na wengi hawaijui: ficha vipande viwili vitokee mara mbili. Jaji akikipa kipande kilekile 8 saa ya kwanza na 6 saa ya pili, tofauti zake za alama moja hazina maana yoyote. Chukua wastani wa tofauti hizo kwa majaji wote; ikiwa ni 1.5 kati ya 10, basi waimbaji waliopishana chini ya hapo wako sawa. Mara nyingi orodha ya wanane huishia kuwa madaraja matatu: mmoja au wawili juu, kundi nene katikati, mmoja chini. Namba 3 hadi 6 mnazotaka kuzipigania hazipo. Mkiitoa orodha, iandikwe hivyohivyo kwa madaraja, pamoja na swali, kipindi, aina ya muziki, majina ya vipande na idadi ya majaji.