Tuliboksi isigeuke shamba la kutu

Tuliboksi ni sanduku la kubebea zana, hilo kila fundi analijua. Ila kwa sisi wa Tukuyu na Mufindi, lina kazi nyingine kubwa: kukinga chuma na unyevu. Usiku wa baridi spana hupoa sana. Asubuhi hewa yenye unyevu ikiigusa, inatoa matone kama jasho. Kutu huanzia hapo, hata kama boksi halijanyeshewa.

Kabla ya kufunga, futa zana kwa kitambaa kikavu, kisha paka oili safi ya injini. Tone moja kwa spana linatosha. Ikizidi inashika vumbi na mkono unateleza. Uso wa nyundo usiupake kabisa, utateleza kwenye msumari. Chini tandika kipande cha tyubu ya baiskeli au gari, si sponji, maana sponji hunyonya maji na kuyatunza. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, vinanyonya unyevu wa hewa; weka vinne au vitano humo.

Na tafadhali, chupa ya tindikali ya betri isikae ndani ya boksi. Ikivuja hata kidogo, inakula chuma.