Kusahihisha makosa ya kiufundi katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16

Wiki iliyopita nilikaa siku mbili na ofisa sheria kijana aliyepewa kuandaa sehemu ya Kanuni ya Adhabu katika muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali. Aliambiwa ni kazi ya nukta na mkato. Naandika tulivyofanya, maana wengi hupewa kazi hii bila mtu wa kuwaelekeza. Ni kwa Tanzania Bara. Zanzibar wana Sheria yao ya Adhabu, Na. 6 ya 2018.

Hatua ya 1: Nakala

Chukua Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria zilizochapwa upya zikiwa na marekebisho yake ndani, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na kila sheria ya marekebisho iliyopitishwa baadaye. Chapa kwenye karatasi. Mafaili yanayozunguka WhatsApp usiyaguse.

Hatua ya 2: Je, kweli ni la kiufundi?

Herufi iliyoruka, mabano yasiyofungwa, jina la wizara lililobadilika, rejea ya kifungu kilichokwisha kufutwa: haya ni ya kiufundi. Lakini chochote kinachogusa adhabu, umri au nia ya mtenda kosa si cha kiufundi, hata kikiwa neno moja. Ukibadilisha "kifungo au faini" ikawa "kifungo na faini", umeongeza adhabu, na Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba inakataza mtu kupewa adhabu kubwa kuliko iliyokuwapo alipotenda kosa. Hilo lipeleke kwenye marekebisho ya kisera, lijadiliwe waziwazi.

Likiwa kosa la uchapaji tu, huenda huhitaji muswada. Sheria ya Urekebu wa Sheria, Sura ya 4, inampa Mwanasheria Mkuu mamlaka ya kulisahihisha kwa amri katika Gazeti la Serikali.

Hatua ya 3: Rejea

Hapa ndipo palipowahi kunila usiku mzima. Nilikuwa nimeingiza kifungu kipya katikati ya viwili vya zamani, nikatafuta namba zote kwa kompyuta, nikaridhika. Saa nne usiku nikaona kifungu kinachofuata kinasema "kosa lililotajwa katika kifungu kilichotangulia". Hakina namba hata moja! Kifungu kilichotangulia sasa kilikuwa kile changu kipya, na adhabu nzito ilikuwa imehamia kwenye kosa ambalo halikukusudiwa. Nililazimika kuisoma sheria yote upya, mstari kwa mstari, mpaka alfajiri.

Kwa hiyo tafuta namba, kisha tafuta pia maneno: "kilichotangulia", "kinachofuata", "kifungu hiki", "kosa hilo". Sheria za zamani kama hii, ambayo asili yake ni ya enzi ya mkoloni, zinayapenda sana. Kompyuta itumie kutafuta tu. Ile amri ya kubadilisha yote kwa mpigo siiruhusu mezani kwangu, kwa sababu "130" imo pia ndani ya "1130" na ndani ya kiasi cha faini.

Usidhani kumpa kifungu kipya namba yenye herufi kunakuokoa. Unyang'anyi wa kutumia silaha ulipoingizwa mwaka 2004 uliitwa 287A, ili 288 na vinavyofuata visisogee. Ni mtindo mzuri, mimi naupenda, lakini unalinda namba tu. "Kilichotangulia" haukilindi.

Kisha toka nje ya Sura ya 16. Jedwali la Kwanza la Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, linataja makosa ya Kanuni ya Adhabu kifungu kwa kifungu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, nayo ina jedwali la vifungu ambavyo Mahakama ya Mwanzo inaweza kuvisikiliza. Ukisogeza namba bila kugusa jedwali hilo, hakimu wa Mwanzo anaweza kujikuta na kesi ambayo kwa maandishi haimhusu. Pitia pia Sura ya 90 ya adhabu za chini na Sura ya 200 ya uhujumu uchumi. Andika kila rejea kwenye daftari lenye safu tatu: inapotoka, inapokwenda, umekagua lini.

Hatua ya 4: Maneno ya muswada

"Sheria Kuu inarekebishwa katika kifungu cha …, kwa kufuta neno '…' na badala yake kuweka neno '…'." Sheria Kuu ni ile inayorekebishwa, hapa Kanuni ya Adhabu. Kama neno limo mara mbili katika kifungu, taja ni lipi. Mabadiliko yakizidi mawili ndani ya kifungu kidogo kimoja, kifute chote ukiandike upya. Wapo wenzangu wanaochomeka neno mojamoja. Msomaji hawezi kuuona mwisho wake.

Hatua ya 5: Madhumuni na sababu

Ni maelezo ya mwisho wa muswada, yanayosema kwa nini unabadilisha. Sentensi moja kwa kila sahihisho.

Hatua ya 6: Someni kwa sauti, wawili

Mmoja ashike muswada, mwingine Sheria Kuu, alama za uandishi zikitamkwa. Ijumaa tulipofanya hivyo, kijana alinyanyua kidole: "Mama, kifungu kidogo cha (4) mbona hakipo?" Kilikuwa kimefutwa na sheria ya marekebisho ambayo siku ya kwanza hatukuichapa.