Somo: Helikopta na usiku wa sakitu

Aliyewahi kuteremka bonde la mpunga hapa Pemba alfajiri ya kipupwe anakijua kiini cha somo hili kwa miguu yake: kule kilimani hewa ni ya kawaida, lakini akifika chini baridi humkamata vifundoni na kanga inalowa umande. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo huteremka na kutuama mabondeni. Kwetu mambo huishia kwenye umande. Huko Njombe na Makete, wanakolima mbatata, hugeuka sakitu, yaani barafu nyembamba inayounguza majani. Na katika mashamba ya mizabibu ya Marlborough, Nyuzilandi, wakulima hukodi helikopta isukume chini hewa ya vuguvugu iliyo juu, ili kuyanusuru machipukizi.

Hatua ya kwanza hufanyika chini. Vipimajoto hufungwa usawa wa machipukizi, hasa mabondeni, na usiku wa kuchungwa ni ule usio na mawingu wala upepo, kwani ndipo ardhi inapopoteza joto lake angani bila kizuizi, na hewa iliyoigusa ikapoa kuliko ile ya juu.

Hatua ya pili ndiyo roho ya kazi yote, nami naomba isomwe mara mbili. Rubani hupanda polepole huku akisoma kipimajoto kilichofungwa nje ya helikopta, mpaka alipate tabaka lenye joto zaidi, ambalo mara nyingi huwa makumi machache ya mita kutoka ardhini. Akilikosa, na arudi, kwa sababu mapanga ya helikopta yatasukuma baridi juu ya baridi. Akilipata, hupita juu ya shamba taratibu katika kimo hicho, na hewa ya vuguvugu husukumwa hadi kwenye mimea.

Hatua ya tatu ni kurudia kila baada ya dakika 30 hadi 60. Taa zilizounganishwa na vipimajoto vya shambani humwonyesha rubani palipopoa, pa kupita tena. Asiache kabla jua halijachomoza, maana baridi kali kabisa huwa karibu na mapambazuko.

Maswali ya wanachama

Maalim, je, baridi ikiletwa na upepo?
Helikopta haitafaa kitu, ndugu yangu. Upepo umekwisha kuchanganya hewa, hivyo hakuna joto lililobaki juu la kuteremshwa.

Kipimajoto kinaonyesha nyuzi 2, mbona majani yameganda?
Jani hupoteza joto lake moja kwa moja angani, kwa hiyo huweza kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Tena kipimajoto kilichotundikwa juu ya kichwa cha mtu hakisemi habari za mmea ulio usawa wa goti.

Shemeji yangu analima mbatata eka mbili huko Makete. Afanyeje?
Helikopta si yake, Bi mkubwa. Gharama yake ingemeza mavuno yote. Apande mteremkoni badala ya bondeni, na baridi ikikaribia anyweshe udongo mchana, kwa kuwa udongo uliolowa huhifadhi joto zaidi kuliko mkavu. Matandazo ayaondoe kwa siku hizo, kwani huzuia joto la ardhi lisiufikie mmea usiku.