Jinsi ya Kuikagua MGB Kabla ya Kuinunua

MGB, gari dogo la michezo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, huwateka watu kwa sababu ambayo yeyote aliyewahi kufungua boneti yake anaielewa: karibu kila kitu kinaonekana, kinafikika kwa mkono na kinafunguka kwa spana za kawaida. Injini yake ni ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1798, na hakuna kompyuta ya kumsumbua fundi. Mvuto huohuo ndio unaowaponza wanunuzi, maana wengi husikiliza mlio wa injini, wakaridhika, wakasahau kwamba gari hili halina chesi ya peke yake na kwamba bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Injini hutengenezeka kwa gharama ya wastani. Bodi iliyooza humfilisi mtu.

Kwa hiyo anzia chini. Piga magoti ubavuni mwa gari ukague chuma kinachopita chini ya mlango. Sehemu hiyo imejengwa kwa tabaka kadhaa za bati zilizochomelewa pamoja, na katika gari la wazi, lisilo na paa la kulisaidia, ndiyo uti wa mgongo. Kutu huanzia ndani, maji na matope yanapokwama, hivyo rangi inayong'aa haithibitishi lolote. Chukua sumaku ndogo, uivike kitambaa na uipitishe taratibu: isiposhika, hapo pana puti, si chuma. Kisha tazama mwanya ulio kati ya mlango na bodi upande wa nyuma, ambao unapaswa kuwa na upana uleule juu na chini. Mwombe muuzaji ainue ubavu mmoja kwa jeki huku wewe ukifungua na kufunga mlango, bila kuingiza mwili chini ya gari; mwanya ukibana au mlango ukigoma, bodi imelegea. Kagua pia kona za chini za madigadi ya mbele, na mahali springi za nyuma zinaposhikana na bodi. Ni kweli kwamba bodi mpya zimekuwa zikitengenezwa na kampuni ya British Motor Heritage tangu 1988, lakini kuinunua na kuhamishia kila kifaa ni kazi inayoweza kugharimu kuliko gari lenyewe.

Injini ikishapata moto, geji ya oili isome takriban paundi 50 kwa inchi ya mraba, au zaidi, kwa mwendo wa barabarani. Ikizimwa na kupoa, zigeukie kabureta mbili za chapa ya SU, kama gari ni la toleo lenye hizo: chomoa fimbo iliyo kwenye oili juu ya kila moja, nyanyua pistoni, kisha uiachie. Ikishuka kwa uzito wake na kugonga chini kwa mlio mdogo mkavu, ni nzima. Ikisita njiani, inahitaji kusafishwa au kurekebishwa.

Mwaka wa gari nao uzingatiwe. Injini za tangu mwishoni mwa 1964 zina beringi kuu tano za kushikilia krenkshafti badala ya tatu, na kwa maoni yangu hizo ndizo za kutafuta. Magari ya mwishoni mwa 1974 na kuendelea yana bampa nyeusi za mpira na yaliinuliwa ili kukidhi sheria za Marekani, jambo lililoyafanya yalale zaidi kwenye kona. Asiyejali sura hiyo hupata bei nafuu.

Mwisho, liendeshe. Gia ya kwanza ya magari ya kabla ya mwishoni mwa 1967 hulalamika ikiingizwa gari likiwa bado linatembea, na huo si ubovu. Lakini kama rimu ni za spoku na unasikia chuma kikigongana kila unapokanyaga na kuachia mafuta, huenda meno ya vitovu vya magurudumu yamelika, nawe una haki ya kudai bei ipunguzwe.