Frankfurt Ipi? Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipia Safari ya Ujerumani

Mjerumani akitaja Frankfurt bila kuongeza neno, mara nyingi anaizungumzia ile ya mto Main, yenye mabenki na uwanja mkubwa wa ndege. Lakini kuna Frankfurt nyingine, Frankfurt (Oder), mashariki kabisa mwa nchi. Ukivuka daraja lake tu, umeshaingia Słubice, Poland. Kutoka ya Main kwenda ya Oder ni treni ya kasi hadi Berlin, kama saa 4, halafu treni ya mikoani kwa saa nzima au zaidi. Aliyealikwa Chuo Kikuu cha Viadrina, kilicho Frankfurt ya Oder, akaweka nafasi hoteli iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Goethe, kilicho ile ya Main, siku yake ya kwanza imekwisha kuharibika.

Kwa hiyo kabla hata ya kutazama bei, pata jina zima. Sisi tukiwa na Juma wawili mtaani tunasema Juma wa Salum na Juma wa Hamisi. Wajerumani hufanya hivyo kwa mito na maeneo, ama kwa mabano. Mkia huo usiukate. Rothenburg ya kwenye kalenda, yenye ukuta wa kale na nyumba za mbao, ni Rothenburg ob der Tauber, jimbo la Bavaria. Rotenburg an der Fulda iko Hesse. Rotenburg (Wümme) iko kaskazini, kati ya Bremen na Hamburg. Rottenburg am Neckar iko kusini-magharibi, karibu na Tübingen. Ni h moja au t moja inayotofautisha, na kwa sikio la mgeni zote ni ileile. Ndiyo maana mimi siamini maelekezo ya mdomo kwa miji hii. Mwenyeji wako akuandikie.

Wanafunzi wana mtego wao. Freiburg im Breisgau, iliyo karibu na mipaka ya Ufaransa na Uswisi, ina chuo kikuu kilichoanzishwa 1457. Freiberg ya Saxony ina chuo cha madini cha tangu 1765, na anayetaka kusomea uchimbaji anaelekea huko. Kuna pia Freyburg (Unstrut), mji mdogo wa mashamba ya zabibu. Kabla ya kulipa amana ya chumba, linganisha herufi moja baada ya nyingine kati ya barua ya chuo na tangazo la chumba.

Dawa bora kuliko jina ni postikodi. Tangu 1993 postikodi za Ujerumani zina tarakimu 5, na tarakimu ya mwanzo inaonyesha ukanda wa nchi. Inayoanza na 0 iko upande wa mashariki, Saxony na jirani zake. Inayoanza na 8 mara nyingi iko Bavaria ya kusini. Halle (Saale), alikozaliwa mtunzi Händel, ina postikodi zinazoanza na 06. Halle (Westf.), yenye mashindano ya tenisi kwenye nyasi, ni 33790. Kwenye ramani ya simu, andika postikodi kwanza, jina lifuate.

Ngome na makasri ndiyo yenye utamu, na ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu picha hazina anwani. Ngome ya Königstein iliyo juu ya mlima wa mawe uliokatika bapa, ukingoni mwa mto Elbe, ipo Saxony, na treni ya mjini kutoka Dresden inakufikisha chini yake. Kisima chake kina kina cha zaidi ya mita 150. Sasa kuna Königstein im Taunus, chini ya saa moja kutoka Frankfurt am Main, nayo ina ngome yake kilimani, ila ni magofu: Wafaransa waliilipua 1796. Zote mbili ni Königstein na zote mbili zina ngome, lakini moja ni 01824 na nyingine 61462.

Moritzburg nazo ni tatu, katika pembe ileile ya nchi. Moja ni kasri jeupe na la manjano katikati ya ziwa nje ya Dresden, lililopigwa filamu ya Sinderela ya 1973. Hili limeitwa kwa jina la mtawala Moritz wa Saxony. Ya pili iko Halle (Saale), ilianza kujengwa 1484 na leo ni makumbusho ya sanaa. Yenyewe imepewa jina la Mtakatifu Moritz, ambaye katika kanisa kuu la Magdeburg amechongwa akiwa mtu mweusi mwenye mavazi ya chuma, sanamu ya karne ya 13. Msomaji kutoka kwetu akiwa na siku moja tu, ningemshauri aende akaione. Ya tatu iko Zeitz, nayo ina makumbusho ya vigari vya watoto. Ukimwambia dereva wa teksi wa Halle “Moritzburg” huku moyoni una lile la ziwani, atakupeleka ya Halle, na hana kosa.

Tena, jina la ngome halihakikishi kuwa ngome ipo. Ile ya Rothenburg ob der Tauber iliangushwa na tetemeko la ardhi 1356, na mahali pake leo ni bustani. Upande wa pili, kuna miji inayoitwa Burg tu, yaani ngome: mmoja karibu na Magdeburg, mwingine kisiwani Fehmarn. Kutafuta neno hilo peke yake kwenye ramani ni kujitafutia kizunguzungu.

Yanayobaki ni ya tiketi. Soma mabano ya jina la stesheni, Frankfurt(Main)Hbf (Hbf ni stesheni kuu) au Frankfurt(Oder), kabla ya kubonyeza kulipa, kwa maana tiketi nyingi za bei nafuu zimefungwa kwa treni moja. Na ukiona ndege ya bei ya kutupa inayotua Frankfurt-Hahn, jua kwamba uwanja huo uko kama kilomita 120 kutoka Frankfurt, katika jimbo jingine, wala hauna treni ya abiria. Ongeza nauli ya basi kwenye hesabu, ndipo uamue kama bado ni rahisi.